Boriti za Baraza la Mama Violeth

Mama Violeth alitaka baraza la mgahawa wake hapa Nkome liwekwe mbao mpya kabla ya Jumapili, siku ya kipaimara cha Violeth. Mimi na Theonest ndio tuliolijenga miaka sita iliyopita, juu ya nguzo, nusu nchi kavu, nusu ziwani. Wageni sabini wangekaa juu yake.

"Tutoe zilizooza tu," Theonest alisema asubuhi. "Kwingine tupigilie mpya juu ya zile za zamani."

"Ubao juu ya ubao hushika maji. Tunatoa zote."

"Magesa, wewe hata chungwa unalimenya kwa rula."

Nilicheka. Nikaanzia ukutani, kama kawaida yangu: naingiza mtaimbo karibu na msumari, nainua kidogo, nahamia msumari unaofuata, kisha narudi. Ukivuta kwa pupa ubao unapasuka. Theonest alikuwa upande wa maji, lakini hakung'oa kitu. Alisimama ananitazama.

Ubao wa nne ulipotoka niliiona boriti. Haikuwa ya mninga, kama tulivyopanga. Lilikuwa gogo jembamba, jeusi kwa oili chafu, lina vidato viwili vilivyochongwa kwa shoka. Nimewahi kufanya kazi machimboni, vidato vile navijua. Lilikuwa moja ya matimba, miti ya kuzuia kuta za shimo la dhahabu zisiporomoke. Shimo likiachwa, watu huing'oa wakaiuza kuni. Nikachoma kwa bisibisi. Ikazama hadi mpini.

Mninga wa ujenzi ule niliununua mwenyewe Kahama, nikichagua kipande kimoja kimoja. Siku ya kuanza boriti nikapigiwa simu kwamba mama amefariki, nikaondoka kwenda kwetu Mhunze. "Kazike," Theonest aliniambia. "Huku nitamaliza." Siku ya tatu akatokea msibani akiswaga ng'ombe dume. Wajomba zangu, ambao hawakuwa wakimjua, wakamwita mtoto wa nyumbani. Niliporudi nilikuta baraza limekwisha mpaka mbao za juu. Sikuinama kuchungulia chini. Unamchunguliaje mtu aliyekusaidia kumzika mama yako?

"Mninga ulikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Ningekuja msibani mikono mitupu?"

"Ungekuja mikono mitupu."

"Unasema leo. Siku ile ulilia begani mwangu ukaniita kaka."

"Ng'ombe alikuwa mmoja, Theonest. Boriti zilikuwa kumi na nane."

Akatazama majini. Kisha akasema kwa upole, kana kwamba ananishauri, "Tuzifunike. Zimekaa miaka sita, hazitashindwa Jumapili moja."

Nilikwenda jikoni. Mama Violeth alikuwa anapaa sato magamba.

"Mama Violeth, njoo uone kitu."

Alikuja na kisu mkononi, akainama, akagusa gogo kwa ncha yake. Likamegeka kama mkate.

"Nani aliweka hivi?"

"Kazi ulinipa mimi, mama."

"Fundi, sikuuliza kazi nilimpa nani."

Nilimgeukia Theonest ajibu mwenyewe. Alikuwa ameinama, anaokota misumari ya kutu mmoja mmoja na kuitia mfukoni, kama mpita njia.

"Aliweka Theonest," nikasema. "Mimi nilikuwa wa kukagua, sikukagua. Wageni wako uwaweke uani."

Nikauchukua mtaimbo, nikaenda kwenye ubao wa tano.