Shati la Bwana Harusi

Dada aliniomba kitu kimoja tu: nikae mstari wa tatu, na akiingia jukwaani na lile shati lililoungua, niwe wa kwanza kucheka.

"Ukianza wewe, wengine watafuata," alisema.

Siku mbili za kwanza alizoigiza kama mama wa bwana harusi katika mchezo wao wa kuchekesha, ukumbi ulikaa kimya kama foleni ya hospitali. Kiongozi wa kikundi alishamwambia, leo watazamaji wasipocheka, nafasi yake anapewa mwingine.

Nilienda moja kwa moja kutoka kazini. Mimi napiga pasi kwa dobi, na siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye mvuke tangu alfajiri, miguu imevimba hadi viatu vinabana. Mchezo ulianza saa kumi jioni. Kiti kilikuwa na sponji. Hilo ndilo lililoniponza.

Nakumbuka pazia likifunguka. Nakumbuka mzee mmoja mbele yangu akihangaika na karatasi ya pipi. Kisha nikasikia sauti kali: "Nani kaunguza shati hili?"

Nikasimama wima, macho nusu. "Si mimi, bosi. Ni zamu ya usiku."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Jukwaani dada alikuwa ameliinua shati, tobo la pasi liko mgongoni, na uso wake unachungulia katikati ya tobo. Nilitamani ardhi inimeze. Alinitazama kidogo, kisha akaninyooshea kidole.

"Kaa, mwanangu. Kesi yako tutaisikiliza nyumbani."

Hapo watu walivunjika mbavu. Tangu hapo kila alilosema walicheka, hata pale pasipochekesha.

Mchezo ulipokwisha, kiongozi alitukuta nyuma ya jukwaa.

"Kesho usimame tena, palepale."

"Kesho naingia kazini alfajiri, kaka."

"Ndiyo vizuri. Uje hivyohivyo, umechoka."

Alipoondoka, dada alibaki akifuta poda usoni bila kuniangalia.

"Ulikuwa umelala kweli?"

"Kweli."

"Basi sikuwachekesha mimi."

Nilikuwa navua viatu, sina nguvu ya maneno mengi. "Mimi nilisimama tu, dada. Aliyenikalisha ni wewe."

 Akavuta ndoo tupu, akaipindua, akainua miguu yangu mmoja mmoja na kuiweka juu yake. Kisha akarudi kwenye kioo kumalizia shavu la pili.