Kitambaa cha Meza ya Misa

Misa ya jumuiya yetu mwezi uliopita ilikuwa nyumbani kwa Editha, na Padri alipofika mezani na kalisi, kile kikombe cha divai, mkononi alisita. Alikuwa anatafuta pa kuiweka. Kitambaa alichofuma Editha kilikuwa na zabibu na masuke ya ngano, yamejipanga sawasawa mpaka pembeni, na nadhani Padri aliona vibaya kuyafunika. Mie nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Nilisali, lakini macho yalikuwa mezani.

Kwetu Vingunguti, nyumba inayopokea Misa ndiyo inayotoa kitambaa cha meza. Hakuna aliyeweka sheria, ndivyo tulivyozoea. Siku ile ile tukapiga kura ya nyumba ya mwezi unaofuata, ikaniangukia. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mie nikatabasamu huku moyo umeshuka, maana kitambaa nilikuwa nacho, nilikianza tangu Kwaresima na kilikuwa kimebaki ukingo tu, na sasa nilikuwa nimeona cha Editha.

Nilijifunza kufuma nikiwa msichana kule Masasi, kwa kutazama mikono ya mama yangu. Editha, ambaye ni sawa na mwanangu, amejifunzia kwenye simu. Hilo haliniumi. Kinachoniuma ni mkono wangu kubana uzi. Naanza vizuri, nikienda mistari kadhaa unabana wenyewe, na pembe za kitambaa zinajikunja kama jani lililopigwa jua.

Marehemu mume wangu, Stephano, alikuwa akifanya kazi machinjioni. Akininunulia uzi mweupe aliufunga kwenye mfuko ndani ya mfuko ili usishike harufu ya nyama. Hakuwahi kuniambia nafuma vizuri. Alikuwaga anauliza tu, "Uzi umeisha?" na kesho yake analeta mwingine. Misa hii ya nyumbani kwangu ilikuwa ya kumwombea yeye. Nilitaka isomwe juu ya kazi ya mkono wangu. Na nilitaka, Mungu anisamehe, mtu asite kidogo akikiona.

Nikamaliza ukingo. Pembe zikakataa kulala. Nikakumbuka mama alivyokuwa akinyoosha vitambaa kwa wanga wa muhogo, nikapika wanga, nikakichovya, nikakilaza juu ya sinia kubwa na kukianika juani. Kipimo cha wanga sikukikumbuka. Jioni nilipokibandua kilitoka na umbo la sinia, kingo zimesimama.

Jirani yangu Mauwa alikuwa uani anapepeta mchele. Tunataniana miaka yote, naye hana simile.

"Mama Herieth, umefuma ungo?"

"Kitambaa cha Misa hicho."

"Basi wageni wako utawapakulia humo humo. Umepunguza vyombo." Akakigonga kwa kucha, kikalia. "Tena kinaitika. Hodi humu."

Nilicheka, maana kilichekesha kweli. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, nimekipakata, nacho hakikunjiki.

Ijumaa mchana, kesho yake ikiwa Misa, nilikwenda kwa Editha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, niazime kitambaa chako cha Misa."

"Na chako? Si ulikuwa unafuma?"

"Changu hakijawa."

Alikitoa kabatini kimekunjwa ndani ya kanga safi, akanipa kwa mikono miwili. Ni mtoto wa adabu.

Nilipofika nyumbani nikakitandika nione. Kililala kama maji. Kila zabibu ilikuwa mviringo wake, hakuna tundu lililolizidi jingine. Nikavuta kiti nikakaa kukitazama, na kadiri nilivyokitazama chumba kikawa si changu. Ile ndiyo meza aliyokuwa akilia chakula Stephano, na kesho wangemtaja jina lake pale, nami ningekaa kama mgeni aliyealikwa. Uzuri kilikuwa nao. Lakini hakikuwahi kumjua.

Nikakikunja, nikakirudisha kwenye kanga. Kisha nikachemsha maji, nikaloweka changu, nikasugua wanga mpaka maji yakawa meupe kama tui. Nikakianika usiku kucha. Asubuhi bado kilikuwa na unyevu, nikakitandika hivyo hivyo.

Editha alikuja mapema kunisaidia kupanga viti. Akasimama mbele ya meza.

"Mama, kumbe changu hakikutosha?"

"Kimetosha, mwanangu. Kimezidi."

Niliona amenielewa nusu, na nusu nyingine imemchoma. Akaja akabana pembe moja kwa kiganja, akashikilia kidogo, akaachia. Pembe ikainuka. Akaiweka mishumaa kila upande, akaenda kupanga viti.

Padri akafika saa nne, kama kawaida yake. Ilipofika wakati wa kuleta vipaji, mkate na divai, nilishika rozari nikakaza macho. Akaweka kalisi katikati. Hakusita. Aliiweka kama mtu anavyoweka kitu mezani, akaendelea na sala. Jina la Stephano likatajwa, nikainamisha kichwa nikaitikia na wenzangu.

Baadaye wakala pilau. Walisifu pilau. Walisifu viti kupangwa kivulini. Kitambaa hakuna aliyekitaja, kwa wema wala kwa ubaya. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, hata majibu nilikuwa nayo. Kunyamaziwa sikuwa nimejiandalia.

Watu walipotawanyika, Editha alichukua kile kifurushi cha kanga juu ya kabati.

"Basi mie naondoka nacho, mama."

"Niachie siku chache."

"Cha nini tena, na Misa imeisha?"

"Nikitazame tu."

Alinitazama, nikadhani atacheka. Hakucheka. Akakirudisha mikononi mwangu, akasema siku nikikirudisha nimwambie nimeona nini.

Nilitoa stuli nikaiweka mlangoni kwenye mwanga, nikakifungua magotini. Mauwa akapita na ndoo yake, akaniuliza naomboleza nini. Nikamwambia apite, nina kazi. Nilikuwa natafuta mahali uzi wa Editha ulipoanzia, nione mkono wake ulivyopita bila kubana, na mpaka adhana ya alasiri nilikuwa bado sijapaona.