Maji ya Kumpa Jina Tawia

"Isukume mpaka ndani, Badu," alisema Asiamah, mkuu wa kituo, akiwa amesimama mbali ili viatu vyake visilowe. "Leo lisidondoke hata tone."

Badu alikuwa amelala chali chini ya gari la zimamoto. Alikanda kipande cha sabuni ya kufulia mpaka kikalainika kama unga, kisha akakisindilia kwenye ufa wa tangi. Alikuwa na mwaka wa pili sasa akifanya hivyo kila alfajiri. Sabuni ilishika mpaka adhuhuri. Baada ya hapo maji yalijiendea zake. Barua tatu za kuomba fundi wa kuchomelea zilikwenda mkoani. Kilichorudi ni ndoo mbili za rangi nyekundu, gari lipendeze siku ya sherehe.

"Sherehe ikianza saa tatu, sabuni itakuwa bado inashika," Badu alisema.

"Na mtu akiuliza, tangi limejaa."

Juu ya mlango wa kituo, kitambaa cheupe kilifunika maneno ambayo mji mzima uliyajua: Kituo cha Zimamoto cha Ntim Tawia. Tawia ndiye aliyekuwa akishika mpira wa maji, Badu akiendesha pampu. Miezi kumi na mmoja iliyopita soko lilishika moto, wakaitwa saa tisa alasiri. Tawia aliingia na mpira wake kumfuata fundi cherehani aliyenaswa ndani. Kwa dakika mbili mpira ulikaza, kisha ukalegea. Badu alifungua kila koki aliyoijua, lakini mshale wa geji ulikuwa umelala. Fundi cherehani alikutwa karibu na mlango, mzima, amefunikwa koti la Tawia. Tawia hakutoka.

Ripoti iliandikwa huko huko mkoani: marehemu aliingia bila kungoja amri. Penye nafasi ya shahidi, Badu alitia sahihi. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu.

Saa tatu ilifika, mgeni rasmi hakufika. Saa nne ikapita, na ya tano. Wanawake wa sokoni walijipepea kwa vifuniko vya makatoni chini ya turubai.

"Wee Badu!" aliita Mansa, muuza samaki wa moshi. "Leo mmekuja na maji au na king'ora tu?"

"Mwache bwana," mwenzake alidakia. "Hawa kazi yao kuzika majivu."

Kicheko kikazagaa. Badu hakugeuka. Alikuwa akiutazama mchanga chini ya gari ukilowa na kubadilika rangi.

Mgeni rasmi alifika saa saba na robo, wala hakuomba radhi. Alihutubia kwa muda mrefu. Alimwita Tawia shujaa aliyejitosa motoni kwa hiari yake, "bila kungoja," maneno yale yale ya ripoti. Kisha mama wa marehemu, Pokuaa, akaombwa avute kamba ya kufunua kitambaa.

Pokuaa alinyanyuka akiwa bado na nguo zake nyeusi za msiba. Hakwenda kwenye kamba. Alitoa glasi kwenye mkunjo wa nguo.

"Mnatoa jina bila maji?" aliuliza.

Wazee waliguna kukubali. Kila mzaliwa wa pale, siku ya nane ya maisha yake, alitiwa ulimini tone la maji, kisha tone la kinywaji kikali, akaambiwa: ukisema maji, yawe maji, ukisema pombe, iwe pombe. Jina halikushika bila kiapo hicho cha kusema kweli.

"Jina hili alilitoa baba yake, naye hayupo. Leo nitalitoa mimi kwa nyumba hii. Nataka maji ya gari alilofanyia kazi."

"Mama, yapo ya chupa," Asiamah alidakia haraka. "Ya baridi kabisa."

"Sikuja kunywa, baba."

Pokuaa akampa Badu glasi. "Wewe ulikuwa naye. Niletee."

Asiamah aliandamana na Badu, akinong'ona bila kuchezesha midomo. "Ndoo ya maji ipo nyuma ya jiko. Pitia huko. Kumbuka kiinua mgongo chako, mzee."

Kutoka kwenye gari hadi kona ya jiko zilikuwa hatua sita. Badu aliziangalia. Kisha aliinama, akaweka glasi chini ya mdomo wa bomba, akafungua koki mpaka mwisho.

Gari lilikohoa. Ilitoka hewa, ikatoka kutu, ukatoka mkoromo mrefu uliosikika mpaka barabarani. Glasi haikupata kitu zaidi ya vumbi jekundu.

"Funga!" Asiamah alifoka. "Funga, nakwambia!"

Badu aliliacha likorome. Alimpelekea mama glasi kwa mkono wa kulia, kwa heshima, kana kwamba imejaa.

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile, mama. Hakuvunja amri. Aliniuliza kama tangi limejaa, nikamwambia limejaa. Halafu nikatia sahihi karatasi ya uongo."

"Mtoeni huyo," mgeni rasmi alisema. "Amelewa."

"Amelewa nini?" Mansa alisimama. "Hata maji hamna, pombe mtaitoa wapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Pokuaa aliigeuza glasi taratibu, akiitazama kutu.

"Aliita?"

"Aliita."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Baba Badu, maji.'"

Mama aliiweka glasi chini. Kisha akaenda kwenye ile kamba. Hakuivuta. Aliifunga kwenye nguzo, fundo juu ya fundo, kitambaa kikabaki kimefunika jina ambalo halijapata maji yake. Akaburuta kiti cha plastiki mpaka mbele ya gari na kuketi, akiwapa wakubwa mgongo. Kwa mguu akasogeza kiti cha pili kando yake.

Badu alibaki wima kwenye jua, hajui kama kile kiti ni chake.