Kitare ya Nelima

Nelima alimkataza nyanya yake kuja uwanjani. "Kukhu, nikikuona hapo mikono itatetemeka," alimwambia kwenye simu. Siku hiyo angerusha ndege peke yake kutoka Nairobi hadi Kitale kwa mara ya kwanza, bila mwalimu kando yake. Lakini kusikiliza hakumkataza. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtumia kile kiredio cha mkononi kinachonasa mazungumzo ya marubani.

Basi nyanya huyo, Phelista, alitoka kwake Misikhu mapema, kiredio kikiwa kikapuni, kimefungwa kwa leso juu ya ndizi, akaenda kwa rafiki yake Gladwell anayekaa karibu na uwanja wa ndege wa Kitale. Alikuta kiti kimewekwa dirishani na mto wa kuegemeza mgongo wake unaouma. Televisheni ilikuwa imezimwa, na hakuwa ameomba.

Gladwell alivaa miwani, akakaza antena, akabonyeza namba za uwanja kama Nelima alivyoandika kwenye ujumbe. Kiredio kikaanza kuvuma kama mahindi kikaangoni. Phelista akakikagua, akapata kidude cha kuzungusha kinachopunguza ule mvumo, akakizungusha mpaka kikagota. Kimya kikatulia chumbani.

Wakangoja. Chai ikapoa. Saa ambayo Nelima alisema atafika ikakaribia, na Phelista akawa anapapasa pindo la leso. Ndege ya abiria ikapita juu ya paa kwa kishindo, ikatua. Kiredio hakikutoa hata neno.

Gladwell alikunja uso. Rubani wa ndege ile lazima alisema kitu.

"Mama Barasa," akamwambia Phelista, "hiki kidude ulikizungusha mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Si kelele ilikuwa mingi?"

"Haki umeziba chujio. Majani hayapiti, na chai pia haipiti."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Alikirudisha nyuma mpaka mvumo ukafumka, kisha akakisogeza kidogo kidogo, akaachia pale tu ulipokatika. Akampa Phelista akishike mwenyewe.

Sauti zikaanza kuingia. Mwanamume alisema maneno ya Kiingereza upesi upesi, na Phelista akashika neno moja tu, Kitale. Mwingine akajibu, naye akasema Kitale. Halafu ikaja sauti nyembamba, imekwaruzwa na upepo, na mwisho wake ikasema: Kitare.

Phelista alisimama, mgongo na maumivu yake vikasahaulika. Kwa neno kama hilo Nelima alichekwa shuleni mpaka akalia, na neno lenyewe alilitoa kinywani mwa nyanya yake.

"Ndiye," alisema. Akakisogeza kiredio mdomoni. "Karibu, mwanangu. Shuka porepore."

"Ati unamjibu? Hiyo ina masikio tu, haina mdomo."

"Basi Mungu atamfikishia."

Nje mlio mdogo ulishuka nyuma ya miti, ukafifia, ukanyamaza. Wanawake wawili walibaki wameshikana mikono, mpaka simu ikalia.

"Kukhu, nimefika. Ulinisikia?"

"Nilisikia Kitare yako."

Nelima akaguna. "Na vile nimejifunza kuisema vizuri."

"Ungeisema vizuri," Phelista akasema, "ningekujuaje?"

Gladwell alikuwa ameshaipeleka chai jikoni kuipasha moto. Akatoa vikombe vitatu.