Abiria wa Kumi

Adela alitoka Msanzi, kijiji cha Ufipa huko bara, na cheti cha kidato cha nne, akafikia kwa binamu yake Unguja, na mwaka wa pili akapata kazi Shakwe Air, shirika dogo la ndege za visiwani. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kupima abiria. Ndege ya viti kumi na viwili haina mzaha: kila mtu hupanda kwenye mizani na mzigo wake mkononi, uzito ukaandikwa, kisha rubani akaamua nani akae mbele na nani nyuma. Adela alikuwa hodari. Ukiingia mlangoni tu ameshakukadiria, na hakosei zaidi ya kilo mbili.

Historia ya shirika aliijua kama sala. Lilianza na ndege moja kuukuu iliyobeba pweza na magazeti kati ya Unguja, Pemba na Mafia, mwenye mali mwenyewe akipima watu kwa mizani ya karafuu. Hilo wafanyakazi walilisimulia kwa fahari. Historia ya kwao ndiyo Adela aliyoifinyanga upya. Siku moja kwenye chai alisema baba yake ni meneja wa benki mstaafu, anaishi Mbeya. Alisema mara moja tu, lakini neno likaota mizizi.

Kisha shirika likataka kujaribu njia za bara, na Sumbawanga, mji wa karibu na kwao, ikawemo. Siku ya kufika, wageni waalikwa wangezungushwa bure angani, juu ya Ufipa hadi Ziwa Tanganyika na kurudi. Adela alimpigia simu mama yake, Getruda, akajisifu kidogo. Hakumwalika mtu.

Saa sita mchana alikuwa uwanjani na sare yake ya samawati, mizani mbele yake. Waalikwa tisa walikuwa wameshapimwa: maofisa, wafanyabiashara, padri mmoja. Ndipo akamwona wa kumi. Mzee Leonardi, baba yake, alikuwa amevaa koti la kahawia la misa na katambuga za tairi miguuni, begani ana kifuko cha unga wa ulezi. Alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Msanzi. Alinyanyua mkono, uso wote ukicheka.

"Adela," aliita.

Rubani, Kapteni Enock, alikuwa amesimama karibu na karatasi ya uzito. "Huku juu hewa nyepesi, na jua limekuwa kali," alisema. "Siwezi kujaza kama Pemba. Tisa wananitosha. Labda huyu mzee kama ni wako, tumwombe mmoja ampishe. Unamfahamu?"

Wale maofisa waligeuka kutazama. Adela alitazama katambuga zile, akatazama kifuko kilichomwaga unga kwenye koti.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Mkono wa mzee ulishuka taratibu. Alivua kofia.

"Haya, dada," alisema. "Macho ya uzee. Nilidhani ni mtu wangu."

Tangu Adela azaliwe, baba yake hakuwahi kumwita dada. Alikuwa mwanangu, au mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. Mzee aligeuka, akavuka majani kuelekea getini bila haraka, na Adela akaandika jina la abiria wa tisa kwa mwandiko usiosomeka.

Ndege iliruka, Adela akiwa kiti cha nyuma, ikarudi salama. Jioni wenzake waliporudi pwani, Adela aliomba ruhusa ya siku nne, akalala mjini, na asubuhi akapanda basi la Msanzi.

Alikuta majirani wamejaa uani. Baba yake aliitikia shikamoo yake kama kawaida, akaendelea na hadithi yake.

"Ndege ilijaa," alikuwa akiwaambia. "Lakini huyu binti alinipokea vizuri, akanipa soda, akaniomba radhi mbele ya wakubwa wake."

Mama Rozina, jirani yao, alipiga vigelegele. Adela alisogea katikati ya ua.

"Si kweli," alisema. "Sikumpa hata maji. Niliulizwa kama namjua, nikasema simjui."

Mama yake alijifunika khanga usoni. Mmoja mmoja majirani wakakumbuka kazi zao, wakaaga.

Leonardi alingoja hadi wa mwisho apite uzio.

"Mimi lile jambo nilikuwa nimelizika," alisema. "Sasa umelifukua ili wewe upate nafuu. Jumapili nitaingiaje kanisani?"

Adela alidhani kusema kweli kungemtua mzigo. Kumbe alikuwa amemtwika baba yake.

Siku zile alipalilia mahindi naye, mstari kwa mstari, na mzee hakusema naye ila la jembe na la maji. Jumapili walikwenda misa pamoja. Watu walitazama, na Leonardi akakaa benchi la mbele kama ada yake, Adela pembeni yake, macho chini.

Jumatatu mzee alimsindikiza binti yake kituoni. Basi lilipokuwa linajongea, ndipo alipouliza, sauti ya chini kama ya mtu anayeomba.

"Hivi kutoka kule juu, Kasanga pale ziwani inaonekana? Na mitumbwi?"

"Sijui, baba," alisema Adela. "Sikuweza kutazama nje."

Mzee alitikisa kichwa, akampokeza begi lake dirishani.