Ndala za Mikononi

Mwamvua ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Tindiga, na siku hizi ndiye miguu yangu. Kabla lori la miwa halijapinduka kule Kidodi, sisi wakataji tukiwa juu yake, nilikuwa wa kwanza kuingia shamba la mpunga na wa mwisho kutoka. Sasa kutoka kiunoni kwenda chini ni mzigo tu ninaouburuta. Nikitaka kutoka ndani navaa ndala mikononi, nakaa chini, najisukuma. Hospitalini Mikumi waliniambia nisisubiri miujiza, nami sikusubiri. Niliomba ruzuku ya serikali kwa wasioweza kufanya kazi, kwa sababu naishi peke yangu na nimechoka kula sahani ya kuletewa, hata iwe tamu vipi. Nataka kununua unga wangu mwenyewe na kumwambia muuzaji hajapima vizuri.

Habari zilipofika kuwa afisa anakuja kuniona nyumbani, majirani wakashikwa na kiwewe. Huku kwetu mgeni wa ofisini hawezi kukuta uchafu, hata kama uchafu ndio anaokuja kuuangalia. Hussein, mume wa Mwamvua, aliita wenzake wakapalilia mpunga wangu ukabaki bila jani la ziada. Mwamvua alinikogesha, akanivika kitenge chake cha sikukuu, akafukiza udi, akanikalisha kwenye kochi la kuazima. Miguu ikafunikwa khanga. Ndala zangu, zilivyojaa tope, zikatupwa uvunguni. Nilijiona bibi harusi.

Afisa mwenyewe, Yared, alikuwa kijana mwenye adabu zake. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akauliza hali, nikajibu nzuri, namshukuru Mungu, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa. Akauliza shamba lile zuri ni la nani, Mwamvua akadakia kwa fahari kuwa ni langu. Akanywa chai, akala vitumbua, akaaga. Majibu yalikuja kupitia kwa mtendaji wa kijiji: mwombaji anajimudu, na shamba lake linatunzwa vizuri.

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Mwamvua alilia kunizidi, akasema watu wa ofisini hawana huruma. Nikamwambia huruma wanayo, ila macho tuliwafumba sisi.

Sikukaa na hasira yangu nyumbani. Nilimwita kijana wa bodaboda, majirani wakanifunga mgongoni kwake kwa khanga kama mtoto mchanga, tukaenda Kilosa mjini. Kila shimo la barabara nililisikia mpaka kwenye meno. Dada wa mapokezi kwenye ofisi ya ruzuku aliniambia rufaa inapokelewa, lakini lazima nionwe tena nyumbani. Nikamwambia hicho ndicho nilichofuata.

Siku Yared alipopiga simu kuwa yuko njiani, Mwamvua alifika na ndoo na ufagio. Nikamzuia mlangoni.

"Shoga, leo usiguse kitu."

"Mgeni aje akukute hivi? Utatuaibisha."

"Aibu ni yangu. Niachie."

Alinuna, akapindua ndoo yake uwanjani, akaikalia.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile, uwanja wote tope. Yared alinikuta mkekani, kichwa sijasuka, nguo ya jana. Shikamoo, marahaba. Alipouliza hali, nilimeza ile "nzuri" iliyokuwa tayari ulimini, nikamwambia hali yangu ni mbaya. Ilinitoka kwa shida kama tusi. Nikamwambia pia kuwa shamba analilima Hussein na wenzake, mimi tangu ajali sijakanyaga huko. Kisha nikamwomba akae kwenye kigoda, mimi naenda chooni.

Nikavaa ndala zangu mikononi. Choo kiko nyuma ya nyumba, ukishapita mahindi. Nilijisukuma, nikapumzika, nikajisukuma tena. Khanga ilipofunguka niliirudisha kwa meno. Niliona aibu, jamani, sitadanganya. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniona hivyo, na huyu angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Kurudi kulikuwa kubaya zaidi. Mkono mmoja uliteleza, nikaanguka kifudifudi katikati ya uwanja.

Mwamvua aliinuka mbio. Yared naye aliacha faili lake kigodani, akanijia mikono mbele.

"Msinishike," nikasema. "Mwanangu, andika kwanza."

Alisimama pale, viatu vyake vimezama topeni. Kisha akarudi kuchukua faili, akaandika akiwa amesimama, muda mrefu, mimi nikiwa pale pale chini. Alipomaliza nikamwomba anisomee. Alisoma kuwa mwombaji hawezi kusimama wala kutembea, hawezi kulima, shamba lake linalimwa na majirani, na kwamba anastahili kulipwa. Neno la mwisho alilisoma kwa sauti ya chini, nikamtaka alirudie. Akalirudia. Mwamvua alikuwa kando yetu, mikono kichwani, akitamani kunigusa.

Nikamnyooshea mkono, ndala ikiwa bado imevaliwa.

"Haya shoga," nikamwambia, "sasa niinue."