Namba Moja kwa Jozi

...namba moja, namba moja, inang'ang'ania nini hii, nani ameiambia kwamba watu wote wana miguu pacha, anawaza Fundi, na kidole chake chenye gundi iliyokauka kinabonyeza tena pale pa kuhifadhi, na tena ule mstari mwekundu unatokea chini ya kisanduku, Tafadhali weka namba moja ya kiatu, tafadhali yenyewe ya kinafiki, maana mtu anayekwambia tafadhali mara nane huku amekufungia mlango hakuombi, anakukejeli. Ameandika 38 kushoto na 41 kulia, imekataa, ameandika 38 na 41, imekataa, ameandika kwa maneno, thelathini na nane, arobaini na moja, imekataa na kumfutia hata bei aliyokuwa ameshaweka, na viatu vyenyewe viko hapa mezani mbele ya macho yake, vyeusi, vimepigwa rangi mpaka dirisha linaonekana ndani ya ngozi, cha kushoto kifupi na soli yake nene vidole viwili, cha kulia kirefu na chepesi, jozi halali, jozi ambayo mwenyewe akiivaa anasimama wima, lakini kompyuta imeshahukumu kwamba hii si jozi... dakika kumi tu, shangazi, alisema mpwa wake, yule wa benki, unaweka picha, unaweka bei, watu wananunua wakiwa kitandani, dakika kumi, na leo ni siku ya tatu, siku ya kwanza iliishia kwenye nywila, eti nywila yako ni dhaifu, dhaifu! jina la marehemu baba yake hilo, mtu aliyekuwa anakunja chuma cha soli kwa mikono mitupu, siku ya pili ikaishia kwenye picha, picha ina kivuli, na kivuli ni chake mwenyewe, sasa asimame wapi, atoke nje ya dirisha? Na saa sita bwana wa kiwanda atapiga simu. Alimwahidi kwa mdomo wake mwenyewe, hakuna aliyemshika shingo, nipe mpaka leo saa sita, duka langu la mtandaoni likifunguka nabaki na kazi yangu, lisipofunguka tunakuja kwako, mimi na wifi yangu, kushona viatu vya shule, na sasa ni saa tano na dakika arobaini, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wifi yake anasema kitu. Dada wa mume wake huyo, anashona ngozi za juu upande wa pili wa meza, na kawaida yake ni kuanza na mimi simo, mimi sisemi kitu, kisha anasema vyote, kwamba kiwandani kuna feni, kwamba viti vina mgongo, kwamba chai inaletwa hapo hapo ulipokaa, mimi simo lakini mgongo wangu umo, na Fundi anasikia nusu, nusu nyingine inaliwa na mstari mwekundu, anaitikia ee, anaitikia kweli, huku anawaza viti vyenye mgongo na viatu mia tano vya namba moja, kushoto na kulia mtu na pacha wake, ukimaliza mia tano unaletewa mia tano, humwoni atakayevaa wala yeye hakujui, wala huna sababu ya kujuana naye. Si kwamba kazi ya kiwanda ni haramu, hapana, watoto wasivae viatu? Ni kwamba zile kalibu za mbao zilizoning'inia ukutani kote kwa kamba, kila moja imechongwa kwa mguu wa mtu mmoja, nani ataziangalia, zitakuwa kuni. Walizipandisha wenyewe, vifuani, ghorofa tatu bila lifti, siku ile mwenye jengo alipowaondoa chini kando ya barabara ili apangishe wauza simu, mama, juu kuna hewa nzuri, akasema, na Fundi akameza mate kwa sababu mkataba ulikuwa mkononi mwake yeye bwana, hewa nzuri! mteja wake anatembelea mkongojo, atafuata hewa? Wateja wake si watu wa kupanda ngazi, ndiyo maana ni wateja wake, na ndiyo maana tangu wahamie huku mlango umekuwa wa kuingiza upepo tu.

Haya, piga moyo konde, kuna njia, kompyuta haiwezi kumshinda mtu anayepiga hesabu za ngozi kichwani, thelathini na nane na arobaini na moja ni sabini na tisa, gawa kwa mbili, thelathini na tisa na nusu, anaandika, anabonyeza... na loo, mstari mwekundu umeondoka, alama ya kijani, Hongera, bidhaa yako iko tayari, na wifi yake anainua kichwa anauliza imekubali? na Fundi anasema imekubali, na wifi anasema kitu kingine, si furaha wala huzuni, lakini Fundi ameshakodolea macho ile hongera. Thelathini na tisa na nusu. Kushoto kitapwaya, kulia kitabana mpaka kucha ziote weusi, kiatu kisichomfaa mtu huyu hata kwa mguu mmoja, na ndicho wanachokipongeza. Hasira zinampanda mpaka masikio yanawasha, anafuta, na mstari mwekundu unarudi mahali pake, tafadhali, na safari hii anafurahi kuuona. Kuna mama mmoja muuguzi, mteja wa miaka ile baba alipokuwa ndiye fundi, alimwambia baba yake kwamba kabla hajapajua hapa alikuwa ananunua jozi mbili kila mara, anatoa kimoja huku na kimoja kule, vilivyobaki anavificha chini ya kitanda kwa aibu ya kuvitupa, na baba hakusema pole, alitandaza karatasi ya kaki sakafuni, akapiga magoti, akasema kanyaga, akachora mguu mmoja kwa penseli, akachora wa pili, akaandika jina lake juu, basi. Baba hakuwahi kumwuliza mtu namba. Maisha yake yote. Hata Fundi mwenyewe hakuwahi...

...hakuwahi? Anasikia wifi yake anasema na Mwalimu naye amepotea, viatu vimekwisha siku tatu, hajaja kuvichukua, ni hizi ngazi tu, na Fundi anataka kuitikia ee, ni ngazi, lakini macho yanaenda kwenye kigoda cha wateja. Mwalimu alishapanda ngazi hizi. Alipanda alipokuja kujaribu, mzee wa watu, na mkongojo wake, alikaa hapo kwenye kigoda akihema na kucheka, akasema Fundi umenipandisha cheo, na akasema atapanda tena. Kwa hiyo si ngazi. Siku tatu... siku ile ya kwanza ya kompyuta alimpigia kumwambia viatu vyake viko tayari, ndivyo hivi anavyovitumia mtandaoni kama mfano, na kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, na karatasi aliyoachiwa na mpwa wake, picha, bei, namba, ilikuwa kando, naye akauliza, bila hata kufikiri, kama anavyouliza mtu wa dukani, Mwalimu, kwani wewe unavaa namba ngapi? Alidhani mtandao umekatika, alisema haloo, haloo. Kisha Mwalimu akasema taratibu, Fundi, mimi sina namba, na wewe ndiye uliyekuwa unajua hivyo, akacheka kidogo, akasema nitapita. Na yeye akakata simu akarudi kwenye kompyuta! Jamani. Mtu ameulizwa swali hilo katika kila duka tangu utotoni, akapata mahali pamoja duniani pasipoulizwa, na yeye, binti wa baba yake, amemwuliza. Uso wake unawaka moto. Hakuna mstari mwekundu wa kulaumu hapo, kinywa ni chake.

Na ngazi, ngazi, miezi miwili ameimba ngazi, watu wangu hawawezi kupanda, kana kwamba ngazi zinapandwa tu na hazishukwi. Mwenye miguu mizima katika biashara hii yote ni nani? Ni yeye. Karatasi inakunjika, penseli inaingia mfukoni, nyumba zao anazijua, majina yao yako kwenye kalibu. Alikuwa anasubiri nini?

Simu ya wifi yake inaita juu ya meza, kati ya nyuzi. Bwana wa kiwanda, amewahi. Wifi ameishika haipokei, anamtazama.

"Nimwambieje?"

"Mwambie hapana. Na wewe ukitaka kwenda, nenda kwa moyo mweupe, sitakununia."

"Kwani duka limefunguka?"

"Halijafunguka."

Wifi anamtazama, anatazama kompyuta yenye wekundu wake pale pale, anatikisa kichwa, anapokea, anaanza na habari za asubuhi na mimi simo lakini, na Fundi hasikilizi tena, ana simu yake mwenyewe mkononi na jina la Mwalimu liko juu, na anatafuta neno la kwanza, si viatu, si ngazi, si namba, shikamoo kwanza, shikamoo Mwalimu, ni mimi, nilikuuliza swali la kijinga.